Chupa Hufia Mdomoni

Chupa ya maji ya chuma haifi kwa kuanguka. Ikidondoka hubonyea ubavu, huokotwa, hupanguswa vumbi, kazi inaendelea. Kinachoiua ni mdomo wake: kifuniko kilichosahaulika juu ya sinki la ofisini, mpira ulioota kuvu, hesi zilizolika, mrija uliotafunwa na mtoto wa darasa la pili mpaka ukawa ufagio. Kwa hiyo ukiingia dukani, anza kutazama pale utakapoweka midomo yako. Rangi, picha ya twiga na zile saa zilizochorwa ubavuni kukuamuru ufike mstari gani kabla ya adhuhuri, vyote vingoje nje. Mwenye kiu hahitaji ratiba.

Kipimo cha kwanza ni mkono. Mdomo wa chupa uwe mpana kiasi cha kupitisha vidole vinne, au angalau brashi nene ya kuoshea. Chupa yenye shingo nyembamba utaisuuza tu, na kusuuza si kuosha. Ndani yake kutajengeka utelezi usioonekana kwa jicho, ila ukipitisha kidole utaujua. Hapo utasikia hoja ya mpinzani: mdomo mpana humwaga maji. Ni kweli. Panda daladala la Mbagala, fungua chupa ya mdomo mpana, dereva akutane na tuta, nusu ya maji itakuwa kifuani. Dawa yake ni kifuniko chenye tundu dogo katikati: kifuniko kikubwa kifunguke chote wakati wa kuosha, na kile kidogo kifunguke wakati wa kunywa.

Tundu dogo lina faida nyingine ambayo watengenezaji wa mbali hawaiwazi. Kwetu maji hayanyimwi. Mama mtu mzima aliyeketi kiti cha pili akikuambia, "Mwanangu, nigawie maji kidogo," utasema, "Karibu, mama," na utampa chupa. Yeye ataiinua, atafungua kinywa, na kujimiminia kutoka juu bila midomo kugusa chuma. Chupa nzuri ni ile inayoruhusu adabu hiyo hata barabara ikiwa mbovu. Chupa ya mrija hairuhusu. Ukiwa na ya mrija, ama utamnyima mzee maji, ama mtanyonya mrija mmoja.

Sasa twende Kariakoo. Muuzaji atakuambia, "Hii orijino, dada, haivuji hata tone." Mjibu kwa heshima: "Naamini, kaka. Naomba maji tuijaze." Jaza, funga, ipindue, itikise, iache imelala ubavu huku mkiongea bei. Kisha fungua kifuniko na uung'oe mpira. Namaanisha ile pete ya silikoni iliyojibana ndani ya kifuniko. Ikiwa haitoki kwa ukucha au ncha ya kijiko, chupa hiyo iache hapo hapo, maana usichoweza kukitoa huwezi kukiosha, na kisichooshwa kitanuka. Muulize kama anauza mpira huo peke yake. Wengi watacheka. Atakayekuonyesha kifuko cha mipira ya akiba ndiye wa kununua kwake, hata akikuzidishia elfu mbili.

Pitisha kidole kwenye hesi za shingoni. Chuma kikikukwaruza, kitaukwaruza na mpira, na mpira uliokwaruzika huvuja. Nusa ndani. Chupa mpya ya chuma haipaswi kunuka kitu; harufu ya rangi au ya plastiki iliyoungua ni sababu tosha ya kuirudisha rafuni.

Kuhusu chuma chenyewe, tafuta namba 304, ambayo mara nyingine huandikwa 18/8. Maana yake ni kwamba kuna takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli. Kromiamu hukutana na hewa na kufanya utando mwembamba sana juu ya chuma, na utando huo ukikwaruzwa hujirudi wenyewe, ndiyo maana stenlesi haishiki kutu kirahisi. Ipo pia 316, yenye molibdenamu, inayostahimili chumvi zaidi. Mtu anayefanya kazi baharini, Mafia au Lamu, ana sababu ya kuilipia. Wapo wanaotembea na sumaku madukani. Sumaku inasaidia kidogo: ikinata kwa nguvu tumboni mwa chupa, chuma hicho si 304. Lakini isiponata usishangilie, kwa sababu chuma cha bei ya chini cha 201, ambacho sehemu ya nikeli yake imebadilishwa kwa manganizi, nacho hakinasi. Na 304 halisi inaweza kunasa kidogo shingoni na kitakoni, palipofinywa kiwandani.

Ikiwa unanunua ya kutunza baridi au moto, yaani yenye kuta mbili, kuna kipimo kimoja tu ninachokiamini. Kati ya kuta hizo kumeondolewa hewa, kukabaki ombwe, na joto halina pa kukanyaga likivuka. James Dewar, mwanasayansi wa Scotland, alitengeneza chombo cha namna hiyo mwaka 1892 jijini London, akitafuta pa kuhifadhia gesi zilizopozwa mpaka zikawa kimiminika. Mwaka 1904 Wajerumani wakaanza kukiuza kwa jina la Thermos, na hatimaye kikatufikia sisi kama chupa ya chai. Ile yenye kioo ndani ndiyo pekee iliyo na haki ya kufa kwa kuanguka. Ya chuma hufa ombwe likivuja, na ukiitazama huwezi kujua. Basi nenda kwa mama lishe wa jirani, mwombe maji yanayochemka, jaza, funga, subiri dakika kumi, kisha shika tumbo la chupa. Likiwa na joto, ombwe halipo, na umeshikilia kikombe kizito cha bei mbaya. Shingo kupata uvuguvugu ni kawaida, maana hapo ndipo kuta mbili zinapokutana.

Plastiki? Sikatai. Plastiki ngumu ni nyepesi, na lita moja ya maji tayari ina kilo moja ya kubeba. Lakini ile chupa nyembamba ya maji ya dukani, yenye namba 1 kitakoni, haikutengenezwa kwa kuoshwa. Ukitia maji ya moto hujikunja, maana plastiki yake huanza kulegea kwenye nyuzi joto 70 hivi. Ni ya mara moja, na mara hiyo moja ndiyo inayoziba mitaro yetu kila masika. Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020 imezuia chupa hizo kuingia katika hifadhi zake, yaani mbuga, misitu na fukwe zinazolindwa. Anayekwenda Karura au Maasai Mara abebe ya kudumu.

Mahali ambapo chupa hupimwa bila huruma ni Kilimanjaro. Kwa njia ya Machame, chanzo cha mwisho cha maji kipo bonde la Karanga. Kutoka hapo wagumu, yaani wapagazi, hubeba maji mpaka kambi ya Barafu, mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, ambako hakuna mto wala chemchemi. Kila kikombe unachokunywa pale kimepandishwa mgongoni au kichwani mwa mtu. Ukilijua hilo hutanunua kifuniko kinachovuja, kwa sababu kinachomwagika ni jasho la mwenzako.

Wakati wa kwenda kileleni, karibu na usiku wa manane, baridi hushuka chini ya sifuri, na hapo mdomo wa chupa ndio unaoamua. Barafu huelea, kwa hiyo maji huanza kuganda juu, penye kifuniko. Mrija wa ile mifuko ya maji ya mgongoni huziba mapema kabisa. Mwongoza wageni mzoefu atakuambia uvalishe chupa soksi ya sufu na uiweke kichwa chini ndani ya begi. Barafu itajikusanya kitakoni, ambako sasa ndiko juu, na ukiigeuza mdomo upo wazi. Bila shaka hilo linawezekana tu kwa chupa iliyofaulu mtihani wa Kariakoo. Inayovuja ukiipindua itakulowanisha koti kwenye mlima wa mita 5,895, na hilo si jambo la mzaha.

Ukishaipata, itunze. Ioshe kila siku kwa sabuni, maji ya uvuguvugu na brashi. Kama brashi haipo, tia konzi ya mchele mbichi na sabuni kidogo, tikisa kwa nguvu, mwaga, suuza. Mara moja kwa wiki toa mpira, usugue kwa mswaki uliostaafu, pande zote mbili. Maji ya visima vya Dodoma huacha utando mweupe wa chokaa. Siki iliyochanganywa na maji, ikilala humo nusu saa, huuondoa. Jiki usiiloweke ndani ya stenlesi usiku kucha: klorini hula ule utando wa kromiamu na kuacha vishimo vidogo ambavyo havitibiki. Kisha chupa ikauke ikiwa wazi, kichwa chini, kifuniko pembeni. Kuifunga ikiwa na unyevu, hasa pwani, ni kuilea kuvu.

Wafugaji wa Kimaasai walilijua hili zamani. Vibuyu vyao vya maziwa husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha oloirien, mzeituni wa porini, na maziwa hukaa na harufu njema ya moshi. Chombo kizuri kina siku yake ya kuhudumiwa, na kuna mtu ambaye kazi hiyo ni yake. Nyumbani kwako mtu huyo ajulikane kwa jina.

Usitie maziwa wala uji wa mtoto ukaacha mpaka jioni. Uji huchacha, gesi hujaa, na mwalimu atakayesaidia kufungua atapata uji usoni. Soda nayo isifungiwe humo. Usiiweke chupa ya kuta mbili jikoni juu ya moto, wala kwenye friza. Na ikumbuke mipaka yake: chupa ya elfu arobaini haisafishi maji machafu. Chemsha kwanza.

Jina la mtoto liandikwe mara mbili, kwenye chupa na kwenye kifuniko. Shuleni vifuniko huhama kuliko chupa, na kila muhula kuna chupa nzima zinazotupwa kwa kukosa kifuniko cha kuzifaa. Ikiwa chupa ina kamba inayounganisha kifuniko na shingo, usiikate kwa kuona inakera.

Ombwe likishakufa, usiitupe. Bado inabeba maji kama kawaida, haitunzi tu joto. Itupe ikiwa chuma kimepata kutu ndani, au rangi ya ndani inabanduka. Mpira ukilegea, ununue mwingine kabla haujaanza kuvuja. Nenda na kifuniko chenyewe mkononi, usiende kwa kukadiria kwa macho. Nunua miwili. Mmoja uweke sasa, wa pili uufunge kwenye mfuko mdogo pamoja na vipuri vya jiko la gesi, mahali ambapo mtu wa nyumbani akitumwa ataupata bila kukupigia simu.