Mpangaji Bora

"Kaka, hapa umepanga au umejenga?"

Swali hilo liliulizwa Jumamosi iliyopita, saa mbili usiku, Mbezi ya Kimara. Aliyeuliza ni dereva wa kirikuu, ameegemea bodi ya gari lake, anaumulika mzigo wangu kwa tochi ya simu. Mtaa mzima ukacheka. Nikisema mtaa mzima ninawahesabu watu ambao kuanzia usiku ule ni majirani zangu: muuza chipsi wa kona, vijana wa bodaboda, watoto ambao saa hizo walipaswa kuwa wamelala, na mama mmoja aliyetoka na stuli yake kabisa, akaiweka pazuri, akaketi. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa ndani ya mzigo. Nilikuwa nimebanwa kati ya friji na kabati la vyombo, mkono mmoja tu ukiwa huru, na huo mmoja ndio niliompungia mama mwenye nyumba alipofungua geti.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu, akiitafuta sauti inakotoka. "Wewe ndiye mpangaji?"

Mtaa ukacheka upya.

Aibu hii haijanimaliza bado, kwa hiyo acha niseme jambo moja: mzigo ule ulipangwa vizuri. Ulipangwa vizuri kuliko mzigo wowote uliowahi kupita Barabara ya Morogoro. Mchana, kule Sinza, dereva alivizunguka vitu vyetu vilivyotolewa nje, akakuna kidevu, akasema, "Hizi trip mbili, kaka." Mimi nikavitazama vitu vilevile nikaona trip moja. Yeye aliona friji, kabati, godoro la tano kwa sita, meza ya televisheni, mtungi wa gesi, cherehani ya miguu, ndoo na mabegi ya shangazi kaja. Mimi niliona maumbo.

Macho haya sikuyarithi kwa mtu. Niliyapata kwenye kigemu cha plastiki ya kijivu kilichoandikwa kwamba kina michezo 9999, ingawa ukihesabu kwa haki ilikuwa michache tu, na iliyobaki ilikuwa hiyohiyo imeongezwa kasi. Kulikuwa na gari, kulikuwa na kifaru, na kulikuwa na Tetris. Gari na kifaru vilinipitia. Tetris ilikaa. Hadi leo sinunui sufuria bila kuuliza itaingia ndani ya ipi. Meza ya duara haikanyagi kwangu. Nikiingia dukani nikakuta pengo kwenye rafu ya sabuni, mkono unajisogezea wenyewe, na nimewahi kushukuriwa kwa hilo na mteja aliyedhani ninafanya kazi pale.

Kwa ambaye hajawahi kuucheza, mchezo wenyewe ni huu. Kuna kisima chenye upana wa miraba 10 na kina cha miraba 20. Vipande vinadondoka kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kimeundwa kwa miraba minne iliyogusana. Unakigeuza, unakisogeza, unakilaza. Alexey Pajitnov, aliyeutunga Moscow mwaka 1984, alikuwa mpenzi wa fumbo lenye vipande 12 vya miraba mitano mitano. Akaona vipande 12 ni vingi mno kwa kichwa cha mtu anayekimbizwa na saa, akapunguza mraba mmoja, vikabaki saba. Kompyuta aliyokuwa nayo, Elektronika 60, haikuweza hata kuchora picha, hivyo vipande vya kwanza vya Tetris duniani vilikuwa alama za mabano zilizosogezwa pamoja kwenye kioo. Watu wakaacha kazi wakawa wanapanga mabano.

Utamu uko kwenye malipo. Katika toleo la Nintendo la mwaka 1989, ngazi ya mwanzo kabisa, ukijaza mstari mmoja unapewa pointi 40. Ukijaza minne kwa mpigo unapewa 1,200. Fanya hesabu mwenyewe: mistari minne ukiifuta mmoja mmoja ni pointi 160 tu. Mchezo unakulipa kwa kusubiri. Basi mchezaji mwenye akili hujenga ukuta upande mmoja, anaacha mfereji mwembamba pembeni, na anakingoja kipande kirefu, kile cha miraba minne iliyosimama wima. Matoleo ya siku hizi yana huruma: vipande vyote saba vinachanganywa na kugawiwa kabla ya kurudiwa, kwa hiyo kati ya kirefu na kirefu hutangoja zaidi ya vipande 12. Matoleo ya zamani hayakuwa na huruma hiyo. Ungeweza kukingoja kirefu hadi ukuta ukafika shingoni, na kikaja mara tu baada ya wewe kufa.

Na kuna habari ya kipande cha umbo la T. Hii ningeomba usome taratibu, maana kila ninapoanza kuieleza watu hukumbuka kwamba wana safari. Vipande ni saba, kila kimoja miraba minne, jumla miraba 28. Mstatili wa 4 kwa 7 nao una miraba 28. Ungedhani vipande hivyo saba vitaujaza. Haviwezi, leo wala kesho. Upake mstatili rangi mfano wa ubao wa drafti: miraba 14 myeupe, 14 myeusi. Chukua kipande chochote kati ya vile sita vingine, kiweke utakapo: kitafunika myeupe miwili na myeusi miwili. T peke yake ndiyo inayokataa. T hufunika mitatu ya rangi moja na mmoja wa rangi nyingine, hata uigeuzeje. Kwa hiyo jumla inakuja 15 kwa 13, na mstatili wako unadai 14 kwa 14. Kipande kimoja kimeharibu nyumba nzima, na hakina kosa lolote isipokuwa umbo lake.

Kila nyumba ina T yake. Kwetu ni cherehani: meza pana, kichwa kimesimama katikati. Hesabu inasema T zikiwa mbili mambo yanaweza kukaa sawa, na pale Sinza, jasho likinitoka, nilimweleza mke wangu kwamba tungekuwa na cherehani mbili tusingekuwa na shida yoyote. Alinitazama kwa muda. "Baba Neema," akasema, "pakia."

Nikapakia. Friji nyuma kabisa, kabati ubavuni mwake, meza ya televisheni miguu juu, mtungi wa gesi katikati ya miguu yake, cherehani imelazwa juu, ndoo ndani ya beseni na beseni ndani ya beseni. Upande wa kushoto nikaacha mfereji mwembamba kutoka mbele hadi nyuma. Tandiboi akataka kuutupia mabegi, nikamzuia. Dereva akapiga honi. Nikamwambia asubiri, ninangoja kirefu. Akauliza kirefu ni nani, na kama anakuja na daladala.

Godoro lilipotoka ndani, likasimamishwa kwa ubavu na kuingizwa kwenye mfereji, nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu utotoni. Mfereji ulikuwa mwembamba kuliko godoro kwa inchi mbili hivi. Tandiboi akalisindikiza kwa mateke. Lilipozama, hapakubaki upenyo wa kupitisha kisu. Nikapiga picha.

Sasa, kwenye Tetris, hapo ndipo mstari hutoweka. Unajaza na kile ulichokijaza kinaondolewa mbele yako, unarudishiwa nafasi. Ndiyo zawadi yenyewe, na ndicho nilichokizoea kwa miaka yote hii bila kukitafakari. Kwenye kirikuu mstari ukijaa unabaki umejaa.

Tena godoro la sponji lina tabia ambayo Pajitnov hakuiweka kwenye Elektronika yake: linapumua. Kutoka Sinza hadi Mbezi, kila tuta tulilolipita lilirudishia godoro unene wake kidogo kidogo. Likalisukuma kabati, kabati likalisukuma friji, friji ikaisukuma bodi, na tulipofika mzigo wetu ulikuwa kitu kimoja. Tandiboi alivuta, dereva alivuta, hakikutoka hata kijiko. Ikaonekana lazima mtu apande juu, ashuke ndani, alisukume godoro kutokea nyuma. Nani anaujua mzigo? Nikapanda. Nilipotua chini, kabati likasogea, na hapo ndipo mama mwenye nyumba aliponikuta. Mwishowe vijana wa bodaboda walileta kamba, wakalifunga godoro, wakavuta kwa wimbo. Lilitoka kwa kishindo, ndoo zikafuata, na mama wa stuli akapiga vigelegele. Hela ya soda waliyonidai ilikuwa sawasawa na bei ya trip ya pili.

Wapo wanaouliza kwa nini sikulipa tu hiyo trip ya pili tangu mwanzo. Nawajibu. Mwenye nyumba mpya alitaka kodi ya miezi sita mkononi. Dalali akataka ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo alikuwa ameshakula hela ya kutuonyesha nyumba ambazo zilikuwa zimeshachukuliwa na watu. Mshahara wangu unaingia kwa mwezi. Sijawahi kumwona mwajiri anayelipa miezi sita mbele kwa sababu mfanyakazi ana mahitaji, lakini kila mwenye nyumba anaishi kana kwamba waajiri hao wamejaa mjini. Na Sinza hatukuhama kwa hiari. Bafu lilikuwa linavuja, tukalitengeneza kwa fedha yetu. Kuta zilikuwa zimechakaa, tukapaka rangi. Mwenye nyumba akaja kutusalimia, akazitazama kuta, akasema nyumba imependeza sana, na mwezi uliofuata akapandisha kodi. Tulilipishwa rangi mara mbili.

Mwaka 1997 mwanahisabati Heidi Burgiel alithibitisha kwamba ukiletewa vipande vya umbo la S na Z tu, kwa kupokezana, kwenye kisima cha upana wa miraba 10, utashindwa. Upange kwa akili yoyote ile, uwe na vidole vya malaika, vile vipande viwili vilivyopinda vitaacha mashimo, mashimo yatapanda, na utafika juu. Ustadi wako kazi yake ni kuchelewesha tu. Nilipoisoma habari hiyo niliwatambua S na Z wangu papo hapo, kwa majina yao na namba zao za simu.

Kinachonichoma zaidi ni sifa. Wageni wakija husema, "Nyie mna akili ya kupanga." Kitanda cha mtoto kinaingia chini ya kitanda chetu. Meza ya kulia inakunjwa ukutani. Vyombo vimesimama kwa ukubwa, viti vimepandana. Nilijiona nina ladha. Siku hizi najiuliza hiyo ladha inamfaidi nani, maana kila pengo nililoliziba lilimthibitishia mwenye nyumba kwamba vyumba viwili vinatosha familia ya vyumba vitatu. Gemu ilinifundisha kufurahia kubanwa, na mji huu haukuhitaji kunifundisha zaidi ya hapo. Pajitnov mwenyewe hakupona. Haki za mchezo wake zilikuwa mikononi mwa dola ya Kisovieti, na mrabaha alianza kuuona mwaka 1996, miaka 12 tangu autunge. Alijenga yeye, kodi wakapokea wengine. Mwisho wa mwaka 2023 mvulana wa miaka 13 huko Oklahoma alilicheza lile toleo la Nintendo hadi ngazi ya 157, mashine yenyewe ikaganda, akawa binadamu wa kwanza kuifikisha hapo. Nimefurahi kwa ajili yake. Mwenye nyumba wangu hajawahi kuganda, hata kwa dakika moja, hata tarehe za mwisho wa mwezi.

Gemu nyingine nazo zilifanya yake. San Andreas ya mwaka 2004, kupitia redio yake ya K Rose, iliniachia mapenzi ya Patsy Cline na Willie Nelson, ndiyo maana kwenye harusi za ukoo siruhusiwi kukaribia meza ya DJ. Nyoka wa Nokia, aliyeanza na simu ya 6110 mwaka 1997, alinifanya nikatae kurudi nyumbani kwa njia niliyotokea. Na mshambuliaji wangu wa maisha ni Castolo wa Pro Evolution Soccer, ambaye hajawahi kuzaliwa.

Juzi, tukiwa bado tunatafuta kifuniko cha mtungi, mke wangu aliniuliza: siku Mungu akijalia tukajenga, nitataka nyumba ya namna gani? Nikamwambia sina makuu. Nataka chumba kimoja kisiwekwe kitu. Ukuta hadi ukuta kitupu, bila kabati, bila begi, bila ndoo, niwe naingia tu, nasimama katikati, natoka.

Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali.

"Hicho," akasema, "ndicho cha cherehani."