Huyu Skani Ni Nani?

Printa ya ofisini kwetu inachapa. Naliweka hili mwanzo kabisa kwa sababu kila aliyeitwa kuja kuitibu alianza kwa kulithibitisha. Fundi wa duka la chini alichapa ukurasa wa majaribio, akausogeza dirishani, akautazama pande zote mbili, akatangaza: "Mbona inafanya kazi?" Shemeji yake bosi, ambaye katika ukoo ndiye mtaalamu wa kila kitu chenye plagi, akachapa wa kwake. Kijana wa fildi, aliyeletwa na chuo aje kujifunza kazi, akachapa wa rangi. Kurasa za majaribio zikawa nyingi hadi mama wa vitumbua akaomba za kufungia. Skani hatukuwa nayo hata moja.

Ofisi yetu ni ya wakili, ghorofa ya kwanza, Kariakoo. Wakili asiye na makaratasi ni mtu aliyevaa tai tu. Mikataba ya viwanja, hati za viapo, nakala za vitambulisho: vyote hivyo vilitakiwa viskaniwe na kuingia kwenye folda moja iliyomo katika kompyuta ya mhasibu, nasi wengine tuifungue kila mtu mezani kwake. Maelezo ya kwenye boksi la printa yaliahidi jambo rahisi: weka karatasi, bonyeza, kanywe chai. Chai tulikunywa. Karatasi haikufika popote. Kioo cha printa, kisichozidi upana wa vidole viwili, kiliandika kwamba muunganisho umeshindikana, tuangalie mipangilio. Mipangilio ipi, hakikusema.

Mashine inayochapa vizuri inashindwaje kuskani? Swali hili ndilo lililowashinda mafundi wote, na jibu lake liko kwenye upande inakoanzia safari. Ukichapa, kompyuta ndiyo inayoondoka na kuipelekea printa mzigo, na printa ni mwenyeji asiye na makuu, hupokea chochote. Ukiskani kwenda kwenye folda, mambo yanageuka. Sasa printa ndiyo mgeni. Sharti iijue nyumba, ifike mlangoni, ipige hodi, ijitaje jina, isubiri karibu, kisha ioneshwe chumba cha kuweka mzigo. Kila hatua hapo ina namna yake ya kukwama, na kile kioo kina sentensi moja tu kwa zote. Ile taa ya kijani ya waifai iliyotuhadaa kwa muda wote huo husema kitu kimoja: mgeni ameshafika mtaani. Kama kuna atakayemfungulia, haijui.

Kijana wa fildi ndiye aliyegundua kwamba hata nyumba ilikuwa imekosewa. Ruta hugawa namba za anwani kwa kila kifaa kinachojiunga, na haigawi kwa milele. Umeme ukikatika na kurudi, vifaa vinaomba upya, na kila kimoja kinaweza kupata namba nyingine. Aliyeifunga printa aliandika humo anwani ya kompyuta ya mhasibu, 192.168.1.7, akapokea pesa yake, akaenda zake. Baadaye umeme ukakatika. Uliporudi, ile saba ilikuwa imechukuliwa na simu ya kijana mwenyewe. Kwa hiyo mikataba ya wateja wetu ilikuwa ikibisha hodi mfukoni mwa suruali yake, na simu, kwa adabu zake, ilikuwa haiitikii.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa unazuia kazi," mhasibu akamwambia.

"Shikamoo, mama," akajibu kijana, kwa kuwa hakuwa na jibu lingine.

Dawa yake si ngumu. Unaingia kwenye ukurasa wa ruta na kuiagiza ihifadhi namba ile kwa ajili ya kompyuta ile, umeme ukatike usikatike. Ugumu ni kuingia. Nywila ya ruta ilibadilishwa na karani aliyekwisha hamia Mwanza. Bosi akampigia. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto, za mvua na za bei ya sato, na tulipokaribia kukata tamaa nywila ikatajwa: jina la bosi, herufi ndogo zote. Bosi akafurahi sana kwa heshima aliyopewa. Mhasibu akanong'ona kwamba hiyo ndiyo nywila ambayo hata mwizi mvivu angeanza nayo.

Namba ikatulia. Printa ikapewa njia mpya ya kufika kwenye folda, \\MHASIBU\Skani, na hapo tukajua kwa nini watu wazima hupandwa na hasira mbele ya mashine. Kwenye kibodi ya kioo cha printa, ule mkwaju unaolalia kushoto haumo kwenye herufi, haumo kwenye namba, wala haumo kwenye ukurasa wa kwanza wa alama. Shemeji akaweka mkwaju unaolalia kulia, akasema yote ni mikwaju. Si kweli. Kijana akaokoa jahazi kwa kuiandika anwani ya printa yenyewe kwenye kivinjari cha kompyuta. Printa nyingi za waifai zina ukurasa wao wa ndani, na mipangilio yote inajazwa hapo kwa kibodi ya kawaida. Wanaoijua siri hii wanaweza kuitwa mafundi. Wasioijua huendelea kubonyeza kioo cha vidole viwili hadi magharibi.

Tukajaribu. Imeshindikana, angalia mipangilio.

Safari hii mgeni alikuwa ameufikia mlango sahihi, ila mlango umefungwa. Windows inapojiunga na waifai mpya, hupenda kuichukulia kuwa mtandao wa hadharani, sawa na wa hotelini au uwanja wa ndege, na hapo hujificha isionekane na jirani yeyote. Ni busara ukiwa uwanja wa ndege. Ukiwa ofisini, maana yake kompyuta ya mhasibu ilikuwa inamkwepa hata mtu wa meza ya pili. Tukaibadilisha iutambue mtandao kuwa wa faragha, tukaruhusu kushirikiana mafaili, na ule mlango namba 445, ambao ndio mafaili hupitia, ukafunguka. Tukaizuia pia kulala, maana ilikuwa na tabia ya kusinzia kila mhasibu anapokwenda kula.

Ndipo tukafika kwenye kujitaja jina. Printa ilitaka jina la mtumiaji na nywila ya kompyuta ile. Mhasibu akatoa tarakimu zake nne, akitukinga kwa kiganja tusizione, ingawa tangu zamani kila mtu alizijua. Zikakataliwa. Akazirudia kwa sauti, bila kiganja. Zikakataliwa.

"Kila asubuhi nafungulia hizi hizi!" akalalamika.

Ni kweli, na hapo ndipo mtego ulipo. PIN ya Windows ni ya mtu aliyekaa mbele ya mashine ile ile. Haitambuliki kwa anayekuja kupitia mtandao. Anayekuja kupitia mtandao anadaiwa nywila kamili, ile uliyoiweka siku kompyuta ilipotoka dukani. Nywila hiyo mhasibu alikuwa ameiandika nyuma ya kalenda, na kalenda yenyewe ilikuwa ya mwaka uliopita. Kijana akashauri njia ya amani: tuifungulie printa akaunti yake ndani ya kompyuta, iwe na jina lake na nywila yake, iruhusiwe folda ile moja tu. Akaunti ikaitwa Skani. Hapo tukajifunza kwamba folda ina ruhusa za tabaka mbili, moja ya kushirikishwa kwenye mtandao na nyingine ya folda yenyewe ndani ya diski, na zikitofautiana, ile kali ndiyo inayoshinda. Kwa muda printa yetu ilikuwa na haki ya kusoma bila haki ya kuandika. Ilikaribishwa ndani, ikaambiwa itazame mizigo ya wengine lakini ya kwake isiiweke.

Tulipomaliza haya yote, printa ikashindwa tena, na fundi wa duka la chini akapanda kutupa habari mbaya. Lugha. Printa hii bosi aliinunua mkononi, na ilikuwa ikizungumza na kompyuta kwa lahaja iliyokwisha pigwa marufuku.

Itifaki inayotumika kupeleka mafaili kwenye folda za Windows inaitwa SMB. Mzizi wake ni kazi ya Barry Feigenbaum wa IBM, mwaka 1983, enzi ambazo kompyuta za ofisi moja ziliaminiana kwa sababu hazikuwa na wa kumwogopa. Toleo la kwanza likadumu kuliko ilivyostahili. Mwaka 2016 Ned Pyle wa Microsoft alikuwa akiwasihi watu hadharani waliache. Wengi hawakumsikia. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vikapita kwenye udhaifu wa toleo hilo hilo, vikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Hospitali nyingi za umma Uingereza zikaahirisha matibabu. Miezi michache baadaye Windows 10 mpya ikaanza kutoka bila SMB ya kwanza. Pyle naye akaweka orodha ya wazi ya bidhaa zinazoendelea kuidai, na mashine za kuchapa na kunakili zimo humo tele. Printa hudumu miaka mingi kuliko programu zinazoizunguka, na hakuna anayeibadilisha maadamu, kama mafundi wetu walivyothibitisha, inachapa.

"Si tuiwashe tu hiyo SMB ya zamani?" shemeji akauliza. Inawezekana, imefichwa kwenye orodha ya vipengele vya Windows, ni kuweka tiki na kuwasha upya. Kijana akakataa. Shemeji akamwuliza ana umri gani. Bosi akatoka ofisini kwake akiwa na miwani kwenye paji la uso, akasikiliza pande zote mbili kama alivyozoea mahakamani, akauliza swali moja: "Hao wezi walikuwa wanachukua nini?" Akaambiwa: wanafunga mafaili yote, unalipa ndipo upate kufunguliwa. Akawaza ya wateja wake. Kesi ikaisha hapo, kijana akashinda na gharama.

Ikabaki kusasisha programu ya ndani ya printa, kwa bahati toleo jipya lilikuwepo na lilikuwa limekaa miaka likisubiri mtu alipakue. Mashine ikaanza, ikatoa onyo: usizime umeme mpaka kazi iishe. Ukiukatiza katikati, printa inaweza isiwake tena. Hili onyo liliandikwa na mtu asiyeijua Dar es Salaam. Luku ilikuwa na uniti za kusuasua. Mhasibu akasimama mbele ya swichi, mikono kiunoni. Shemeji akatumwa haraka kununua umeme, akarudi na tarakimu zote ishirini, akaziingiza akikosea na kurudia. Mama wa usafi alipoingia na birika la umeme ili achemshe maji ya saa kumi, watu wanne walipiga kelele kwa pamoja, na maskini alidhani kuna moto. Feni zikazimwa. Tukakaa kwenye joto la Machi, tukitazama mstari mwembamba ukisogea kwenye kioo, hakuna aliyetoa neno.

Mstari ukafika mwisho. Printa ikajizima, ikawaka, ikasalimia. Katika mipangilio yake kulikuwa na matoleo mapya ya SMB, la pili na la tatu. Kijana akachukua karatasi ya kwanza iliyokuwa karibu, akaiweka kwenye kioo cha kuskania, akabonyeza. Kwenye kompyuta ya mhasibu, faili likatokea. Tulipolifungua lilikuwa ukurasa wa majaribio wa fundi, umeskaniwa juu chini. Tulishangilia hata hivyo.

Asubuhi yake bosi ndiye aliyetangulia kufika, akawasha kompyuta ya mhasibu kutafuta mkataba. Tulimkuta amesimama mbele yake. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na majina mawili, yale anayochagua mtu kabla ya kuingia: la mhasibu, na chini yake, Skani.

"Huyu Skani ni nani?" akauliza. "Ameajiriwa lini, na nani amesaini?"

"Ni printa, mzee," mhasibu akasema.

Bosi akakaa. Mhasibu akamweleza: Skani hana mshahara, hana likizo, na hawezi kufungua chochote isipokuwa folda moja. Ya mishahara haioni, ya kesi haioni. Bosi akaridhika mno. Akasifu utaratibu. Akasema angependa kila aliye humu ndani awekewe mipaka ya namna hiyo, kisha akauliza, kwa kutaka kujua tu, sisi wengine tunaruhusiwa kufungua folda zipi.

Mhasibu akabonyeza akaangalia. Folda zote, tangu siku kompyuta ilipofungwa, zilikuwa zimeshirikishwa kwa kila mtu: za kesi, za barua, na ile ya mishahara.

Tukageuka wote kwa pamoja. Kijana wa fildi alikuwa amechuchumaa nyuma ya printa, anakagua kwa makini waya wake wa mtandao, na ile printa haina waya wa mtandao.