Ralph Hana Kosa, Wangu

Mtu mzima nikikataa kucheka, nyumba nzima inaninunia. Sasa nicheke kwa nguvu? Kijana wangu ndiye kaleta balaa. Kashusha kwenye simu komedi ya Kimarekani ya kizamani, The Honeymooners, picha zenyewe nyeusi na nyeupe, za 1955 na 1956. Kashusha kwa bando langu, lakini hilo tuliache.

Humo kuna jamaa anaitwa Ralph Kramden. Anayemwigiza ni Jackie Gleason, lijitu la kitambi, makelele kutwa. Ni suka wa basi, anakaa Brooklyn, anaingiza dola 62 kwa wiki. Ukiingia kwake unakuta meza, jiko, kabati, na si vingi zaidi. Mke wake Alice hamwogopi hata chembe. Jirani yake Ed Norton ni fundi wa mitaro ya maji taka, anajiingilia tu, na akinusa chakula hatoki. Hapo nikakaa vizuri. Watu hawa nawajua, niko nao mtaa mmoja.

Sasa sikia. Ralph kaenda kupima afya. Wakati huohuo mama mkwe wake ana mbwa mgonjwa, mbwa huyo kapelekwa kwa daktari wa mifugo. Barua inaingia. Ralph kafungua, kasoma: ugonjwa wa ajabu, jina refu kama treni ya mizigo, na mgonjwa kabakiza miezi 6. Mtu kanywea palepale. Kumbe majibu ya mbwa! Watazamaji wamekaa ukumbini New York, maana walirekodi mbele ya watu, wanakufa kwa kicheko. Kwangu nako, binti kamwaga chai kwenye zulia. Mama watoto anajifuta machozi na ncha ya khanga.

Mimi kimya. Nikauliza swali la maana tu: angejuaje? Barua imetoka kwa daktari. Imesema kuna mgonjwa. Aliyekwenda kupimwa ni yeye. Umeona wapi mbwa anaandikiwa barua?

"Kwa hiyo Baba, na wewe ungesoma hivyohivyo?"

Ningesomaje sasa? Mimi karatasi ya hospitali natafuta kwanza shilingi ngapi. Halafu jina langu. Halafu nakunja. Huko kwingine ni mambo ya wataalamu.

Tena Ralph ana akili kuliko mimi. Kifo chake kakiuza kwa jarida. Dola 5,000! Piga hesabu, huo ni mshahara wa mwaka mmoja na nusu na chenji inabaki. Ugonjwa wangu mimi hata Mangi wa dukani hajawahi kuuliza bei, ananiuliza deni tu. Baadaye Ralph anagundua aliyepimwa ni mbwa, na kifo keshakiuza, inabidi Norton avalishwe udaktari aje "kumponya". Hapo walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi roho iliniuma. Mtu kapewa uzima, dola 5,000 ziko shakani. Cha kuchekesha kiko wapi?

Basi nikainuka, nikasema naenda msalani. Nikapitia chumbani, nikashusha bahasha ya kaki ya majibu yangu ya hospitali juu ya kabati. Siyo wasiwasi. Kuhakikisha tu. Jina: Riziki. Ndiyo mimi. Umri: ulipungua kidogo, nikaona wamenionea huruma. Damu: pungufu. Naijua hiyo, ndiyo maana nilimeza vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu mpaka vikaisha, na matembele mchana na usiku. Jinsia: KE.

Nikajua ni kifupi cha kitu. Hospitali wana vifupi vingi. Nikarudi sebuleni na karatasi, nikauliza taratibu, kwa sauti ya mtu asiye na shida: hivi KE ndiyo nini kitaalamu?

Jamani. Nimewahi kuchekwa, lakini ile haikuwa kuchekwa. Simu ya mama watoto ilikuwa hewani na mama mkwe wangu, spika imewashwa. Mama watoto kanipokonya karatasi, kasimama katikati ya chumba, kasoma yote kama taarifa ya habari. Uzito. Presha. Wiki ya ngapi. Mama mkwe huko anauliza, "Wiki ya ngapi ya nini?" Kijana kasimamisha komedi kabisa, kasema haina haja tena.

Nikajaribu kujitetea. Nguvu nilipata! Rangi ilirudi! Hata fundi wa baiskeli aliniambia nimenawiri. Hakuna anayesikiliza. Na yule Riziki mwingine, dada wa watu, kapewa majibu ya goti langu na dawa ya kuchua, sijui anachua wapi.

Kumbe chini kabisa pana tarehe ya kurudi kliniki, na maneno: "Aje na mwenza." Mama watoto keshaomba ruhusa kazini. Anasema atanisindikiza.