Sifa za Baba Mwenye Nyumba Asiye na Nyumba

Nchi hii imeshawasifu wengi, hata mabondia waliopigwa. Bado hatujamsifu yule muungwana wa "ile hela nitumie kwenye namba hii", anayefanya kazi sikukuu na siku za kawaida bila kudai posho. Leo namsifu.

Kwanza uandishi wake. "Mimi baba mwenye nyumba wako, mbona kimya? Ile kodi weka kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo." Kwa maneno machache hivyo ameshajipa cheo, amekulaumu na kukuharakisha. Hakujui, wala hana haja ya kukujua. Amewatumia watu chungu nzima akiamini kwamba miongoni mwao yupo anayedaiwa kodi leo, na Dar es Salaam mtu wa namna hiyo hajawahi kukosekana. Mdaiwa hasomi kwa utulivu. Akiona "kodi" tu, tumbo linamkata. Halafu, kwa nidhamu ya fedha ambayo wengi wetu hatuna, anakumbusha: "Weka na ya kutolea."

Wasiomjua hudhani silaha yake ni kompyuta. Wanamdhulumu. Mtaji wake ni adabu zetu. Tumelelewa tusimhoji mkubwa, tusimkatie mtu simu, tusiulize mara mbili. Basi akipiga kwa sauti nzito, "Naongea kutoka makao makuu, huduma kwa wateja, laini yako inafungwa leo," tunamjibu "ndiyo, kaka" na kubonyeza nyota na reli kadiri anavyotusomea. Kampuni za simu zimetangaza mpaka zimechoka kwamba huduma kwa wateja ni 100, wala hakuna mfanyakazi wao atakayekuomba namba ya siri. Yeye anapiga kwa namba ya kawaida kabisa, nasi tunaona haya kumwambia kwaheri.

Tena ni mcha Mungu. Sikiliza anavyolia akidai amekosea kukutumia pesa ya matibabu ya mama yake. Meseji ya muamala unayo, kweli, ila imetoka kwenye namba ya mtu na si kwa jina la mtandao, na salio lako halijasogea hata shilingi. Mkorofi ataangalia salio kwanza. Mkorofi zaidi atamwambia, "Mpigie mtandao wako waurudishe muamala." Wenye huruma hutuma papo hapo, pamoja na pole.

Ujamaa wetu nao ameuenzi kuliko viongozi wengi. Akikuomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako "kwa bahati mbaya", ukampa, anahamia kwenye WhatsApp yako, anavaa picha yako na kuwasalimu shangazi zako wote. Baadhi yao hujawasalimu tangu Pasaka! Anawaomba mkopo mdogo mpaka jioni, nao wanatoa, kwa sababu hatimaye umewakumbuka. Walioweka ile PIN ya pili, uthibitishaji wa hatua mbili, wanamnyima nafasi hii ya kuunganisha ukoo. Vivyo hivyo na familia zenye tabia mbaya ya kupiga na kusikia sauti kabla ya kutuma.

Serikali ilidhani imempata. Tukapanga foleni kuweka vidole, mwisho ikiwa Januari 20, 2020, kila laini iwe na mwenyewe. Naye akakubali sheria kwa moyo mkunjufu: laini yake ina mwenyewe, pengine ni wewe. Unamkumbuka kijana wa mwavuli aliyekusajilia laini akikwambia, "Kidole hakijasoma, mzee, rudia"? Bonyeza *106# uone kitambulisho chako kimezaa watoto wangapi. Mimi nisingependa kuharibu sherehe, lakini wapo wanaopeleka meseji zake kwenye namba 15040, na laini zinafungwa. Hakati tamaa. Taarifa za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, za kila robo mwaka zimezoea kuitaja Rukwa na Morogoro juu ya orodha ya majaribio ya utapeli. Mikoa iliyosifika kwa mahindi na mpunga sasa ina zao la tatu, lisilotaka mvua.

Haki inanilazimu nitaje kasoro yake moja: hapendi kutembea. Mwambie kodi ipo, ila ni taslimu, aje aichukue mwenyewe nyumbani kwake alikokupangisha, na chai imeshatengwa. Mwenye nyumba aliyekuwa akikukemea dakika moja iliyopita atakwambia mtandao unakatakata, halafu hatapatikana.