Mahindi Yenye Cheo

Mtazame mwonjaji wa bourbon, ile wiski ya Kimarekani, akiwa kazini huko Kentucky. Kunywa hanywi kwanza. Anainua glasi kwenye mwanga, anaizungusha, anazamisha pua, anafumba macho kama aliyeletewa habari za msiba. Kisha anatoa hukumu: vanila, ngozi ya tandiko, tumbaku, cheri zilizoiva na, kwa mbali, maktaba ya zamani. Maktaba! Mahindi hayatajwi kabisa.

Na sheria ya Marekani inataka mahindi yasipungue asilimia 51 ya nafaka zote za bourbon. Hiyo vanila inatoka kwenye pipa jipya la mwaloni, lililochomwa ndani hadi likashika mkaa. Rangi anayoisifia, pipa hilo hilo. Mtamboni pombe ilitoka haina rangi. Kila mwaka kiasi fulani hugeuka mvuke na kupotea kupitia mbao, nao watengenezaji hukiita fungu la malaika. Malaika wanakunywa, bili analetewa mnunuzi.

Tena si bili ya mchezo. Chupa ya bourbon iitwayo Pappy Van Winkle, ya miaka 23, huuzwa mnadani kwa maelfu ya dola, na wapo wanaoinunua wakaifungia kabatini, wakaonja kwa macho. Mwenye roho ngumu akiifungua, huwamiminia wageni kiasi cha dawa ya kikohozi, halafu anawakodolea mmoja mmoja, asije mtu akasema ni tamu tu akaishia hapo. Wewe jitie kuomba barafu, uone.