Jini wa Bei Nafuu

Zipo filamu za kutisha, na zipo ambazo bajeti yake ndiyo inayotisha. Ile ya wanajeshi na mapepo inayoonyeshwa vibanda umiza vya huku kwetu, Kayanga mpaka Nkwenda, ni ya kundi la pili. Kikosi kizima, yaani watu wanne, kinaingia handakini. Taa inazimika. Nusu ya filamu ni giza na watu wanaohema. Mtengenezaji kaokoa hela ya umeme na ya jini kwa mpigo. Sajini aliyekufa mwanzoni anatoa amri mwishoni, wala hakuna anayeshtuka. Labda magwanda yalikuwa machache, wakaazimana.

Ufukara wenyewe si kosa. Mwaka 2010, Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? kwa fedha zinazosemwa hazikufika dola 200. Kapteni anauawa, muuaji hatajwi hadi mwisho, na bado hakuna anayedai kiingilio chake: msimulizi wake, VJ Emmie, anapiga domo mwanzo mwisho, akiicheka filamu kabla hujaicheka wewe. Hii ya handakini imenuna kama karani wa ushuru.

Halafu wanaileta Kagera, kwa wazee waliomwona Amin akivamia mwaka 1978 na daraja la Kyaka likilipuliwa! Mmoja wao aliuliza kwa upole, adui hasa ni nani?

“Tata,” kijana wa mashine akamjibu, “hilo liko sehemu ya pili. Kiingilio ni kilekile.”