Kwa Kamati Ambayo Bado Haijaundwa

Gulwe, Wilaya ya Mpwapwa,
Dodoma.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuchagua Mfumo wa Kuazimisha Vitabu Mashuleni,
Popote mtakapokutania.

YAH: MAONI YA MAPEMA KUHUSU MFUMO MTAKAOUCHAGUA

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua kamati yako haijaundwa, na wewe mwenyewe hujui kama utakuwa mwenyekiti. Hilo lisikusumbue. Kumbukumbu za wanafunzi wa msingi zina PReM. Hela za shule zina FFARS. Hospitali zina GoTHoMIS. Ununuzi wa umma ulikuwa na TANePS, na mwaka 2023 watu walipoanza kuizoea ikaja NeST. Kilichobaki bila mfumo ni kabati la vitabu, na sioni kabati likiachwa hivyo kwa muda mrefu. Naandika mapema ili barua iwahi kabla ya semina elekezi, maana baada ya semina mambo huwa yamekwisha kuamuliwa na kinachobaki ni picha ya pamoja.

Mimi ndiye mwenye ufunguo wa kabati hilo. Cheo changu ni mwalimu wa maktaba, ingawa nafundisha pia Hisabati, nasimamia usafi, na maktaba yenyewe imo ofisini kwa mwalimu mkuu, kati ya majembe ya shule na mpira uliokwisha upepo.

Kabla hamjatangaza zabuni, niruhusuni niwaeleze mfumo uliopo, mzabuni asije akasema amekuta uwanja mtupu. Unaitwa kaunta buku. Una safu tano: jina la mwanafunzi, jina la kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, sahihi. Hauna nywila. Unafunguka papo hapo, hata siku ya mvua. Haujawahi kuniambia nijaribu tena baadaye. Adui zake ni mchwa na mtoto anayetafuta karatasi ya kufungia karanga, nao wote wawili wanajulikana. Tatizo lake ni kwamba kurasa zake nyingi ni nyeupe, kwa sababu vitabu havitoki.

Havitoki kwa sababu upo mfumo mwingine wenye nguvu zaidi, uitwao leja. Kitabu kikishapokelewa shuleni huingizwa kwenye leja sawasawa na jembe, dawati na sufuria ya uji. Akija mgeni kutoka juu, anafungua leja, anafungua kabati, anahesabu. Leja ikisema 212 na kabati likisema 212, tunapewa mkono. Leja ikisema 212 na kabati likisema 211, mwalimu anaandika barua ya kujieleza. Mimi nimeiandika, kwa ajili ya kitabu cha hadithi kilichosombwa na maji korongoni, kikiwa ndani ya begi la mtoto aliyekuwa anakipeleka nyumbani akakisome. Barua ya kueleza kwa nini vitabu vingine vilivyobaki kabatini havijaguswa sijawahi kuandikishwa.

Kwa vigezo hivyo, Ndugu Mwenyekiti, maktaba bora kuliko zote ni ile ambayo vitabu vyake bado vinanukia wino wa kiwandani. Naipendekezea basi kamati ichague mfumo utakaoikamilisha kazi hii tuliyoianza kwa kufuli. Uwe na taa ya kijani kwa kitabu kilicho kabatini, na nyekundu kwa kitabu kilicho mikononi mwa mtoto. Ukiweza, uwe na king'ora cha kulia mtoto anapokaribia ukurasa wa mwisho. Mwisho wa mwezi utoe ripoti ya vitabu salama asilimia mia moja, na ripoti hiyo ipande yenyewe kutoka kata hadi wilaya, kutoka wilaya hadi mkoa, kutoka mkoa hadi wizarani Mtumba, bila mtu yeyote kulazimika kusoma kitu njiani.

Nimejielimisha kidogo kuhusu mifumo inayouzwa. Kila kitabu hubandikwa msimbo pau, kila msomaji hupewa kadi yenye msimbo wake, kifaa kinalia pii mara mbili, na kitabu kimeazimwa. Vizuri sana. Lakini kwanza msomaji asajiliwe. Jina la kwanza na jina la ukoo: darasa la nne nina Neema Mazengo watatu, wawili wao ni mtu na shangazi yake. Barua pepe ya msomaji: msomaji ana miaka kumi. Namba ya simu, ili akumbushwe kurudisha: simu ni ya kaka, na kaka yuko Dodoma mjini kwenye ujenzi. Ujumbe wa "Mpendwa msomaji, muda wako umekwisha" utamkuta juu ya jukwaa la zege, na sijui nani atamweleza mama yake kilichotokea. Kisha faini. Mfumo utatoa kontrol namba ya shilingi mia mbili, na mzazi atafunga safari kumtafuta wakala wa kumlipia.

Tarehe ya kurudisha nayo itakuwa siku kumi na nne, kwa sababu ndivyo mfumo ulivyokuja kutoka kiwandani. Hapa kwetu, kati ya Desemba na Aprili, kalenda anayo mto Kinyasungwe. Mto huu umeikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe mara nyingi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalizoa tuta na mataruma, treni zikasimama. Mto uliosimamisha treni hautatishwa na ujumbe wa simu. Mtoto wa ng'ambo atarudisha kitabu maji yakipungua, na mfumo utakuwa umekwisha kumfungia akaunti.

Kuhusu umeme sina la kulalamika. Tangu 2024 treni ya SGR inapita Gulwe kati ya Dar es Salaam na Dodoma ikinyonya umeme kwenye nyaya zake, na watoto wanaupungia mkono. Umeme wetu sisi unakaa kwenye LUKU, na LUKU inataka hela. Ruzuku ya uendeshaji katika elimu bila ada ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kwa mgawanyo ulioanza nao mwaka 2016, shilingi 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 zinakuja shuleni. Hizo ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi: chaki humo, mitihani humo, ukarabati humo, michezo humo. (Ndiyo maana mpira hauna upepo.) Naomba kamati, kabla ya kusaini, inionyeshe ndani ya mia tano hiyo zilipojificha senti za LUKU, za bando, za karatasi za kubandika misimbo pau na za fundi wa kutoka Mpwapwa mjini. Mtasema tutumie vishikwambi, vile vilivyohesabu watu kwenye sensa ya 2022 kisha tukagawiwa walimu. Tunashukuru. Changu ni kizima, kikichajiwa.

Msidhani tunapinga maendeleo. Upande huu wa nchi tumeyaona maendeleo kwa macho. Msagali, kituo kinachofuata ukitoka hapa kwenda Dodoma, ndipo lilipochepukia tawi la reli la kwenda Kongwa, enzi za mradi wa karanga wa Waingereza. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukitazama ardhi kutoka kwenye ndege, ukaandika taarifa nzuri: zaidi ya ekari milioni tatu zilimwe karanga, Uingereza ipate mafuta ya kula. Mwaka 1947 mitambo ikaanza kushuka. Matrekta yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika na jeshi huko Ufilipino. Vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu ikagoma kung'oka. Mvua ikanyesha kwa desturi yake ya Ugogo, yaani ikipenda. Kiangazi udongo wa Kongwa ukakauka kama sakafu, na karanga chache zilizokubali kuota zikagoma kutoka ardhini. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mradi, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimekwenda.

Wale hawakuwa wajinga, Ndugu Mwenyekiti. Walikuwa na wahandisi, wahasibu, na shirika zima lililoundwa kwa sheria ya bunge lao. Mgogo yeyote mwenye shamba angewaambia habari za udongo ule bila malipo, lakini hakuwa na mahali pa kukaa kwenye kikao, na mitambo ilikuwa imekwisha kulipiwa. Naandika kutoka jirani na pale, nikidhani kwamba udongo safari hii unaweza kuulizwa kwanza.

Sasa kuhusu uchaguzi wenyewe. Atakuja muuzaji mwenye suti na mfumo unaolipiwa kwa dola, kwa kila shule, kwa kila mwaka. Mwaka wa kwanza atalipa mfadhili, na wa pili pia. Mwaka wa tatu mradi utafungwa kwa hafla, na majina ya watoto wetu pamoja na orodha ya vitabu vyetu vitabaki kwenye kompyuta ya nchi nyingine vikisubiri tulipe. Muulizeni swali moja tu: tukiacha kukulipa, tunaondoka na nini mkononi?

Ipo mifumo ya bure, na wakutubi wetu wanaijua. UNESCO iligawa CDS/ISIS tangu 1985, na vizazi vya wakutubi wa Afrika vilijifunzia humo. Indonesia ina SLiMS, iliyoanzia kwenye maktaba ya wizara ya elimu huko Jakarta mwaka 2007. Na ipo Koha. Hiyo ilizaliwa kwenye maktaba za wilaya moja ya mashambani huko New Zealand, Horowhenua, ambako mfumo wa zamani usingeuvuka mwaka 2000. Badala ya kununua mwingine wa bei kubwa, waliilipa kampuni ndogo ya huko iwaandikie wao, ukaanza kazi Januari 2000, kisha wakaugawa bure kwa dunia nzima. Leo unatumika hadi vyuo vikuu. Nawataja watu wa Horowhenua kwa sababu walianza na shida ya maktaba yao wenyewe, wakatafuta mfumo wa kuitatua. Kamati nyingi huanza na mfumo, kisha zinatuma dodoso kuuliza kama tuna shida.

Lakini bure nayo ina gharama zake: kompyuta ya kuuhifadhi, mtu wa kuuhudumia, na siku za kuingiza kitabu kimoja kimoja. Watu wa kazi hiyo Bodi ya Huduma za Maktaba inawafundisha pale Bagamoyo. Shule ngapi za msingi mkoani Dodoma zina mmoja wao kwenye ikama? Jibu hilo kamati ikilipata, nusu ya kazi yake imekwisha, na huenda vikao vikapungua. Naelewa kwamba hilo la vikao kupungua linaweza kuwa kikwazo.

Wenzetu wa Kenya waliona wafugaji wa Garissa hawawezi kuifuata maktaba, wakaipakia maktaba juu ya ngamia. Huo ni mwaka 1996. Ngamia hana msimbo pau, na vitabu vinafika. Sipendekezi ngamia kwa Gulwe, punda tunao.

Nikiweka utani kando kwa dakika moja: mfumo ukija, ufanye kazi bila mtandao wiki nzima na kujipakia wenyewe mtandao ukirudi. Uzungumze Kiswahili, maana atakayeutumia zaidi yangu ni mwanafunzi wa darasa la sita ninayemwachia zamu. Orodha ya vitabu na ya waazimaji iwe mali ya shule, tuweze kuichapa kwenye karatasi tukitaka. Na kwenye sehemu ya hali ya kitabu, pamoja na "kipo", "kimeazimwa" na "kimepotea", iongezwe hali ya nne: "kimechakaa kwa kusomwa". Kitabu kikifikia hali hiyo kifutwe kwenye leja, na shule ipewe kingine.

Hilo la mwisho programu haiwezi kulifanya yenyewe, hata ikinunuliwa kwa dola. Linahitaji waraka. Basi naomba, kabla ya zabuni, kabla ya posho ya kikao cha kwanza, mamlaka itoe waraka wa ukurasa mmoja wenye mambo mawili: kwamba mwalimu hatadaiwa wala kuandikishwa barua kwa kitabu kilichopotea au kuharibika mikononi mwa msomaji aliyeandikwa jina, na kwamba wathibiti ubora wakifika shuleni, kabla ya kuhesabu vitabu vilivyomo kabatini, wahesabu kwanza vilivyotoka mwezi ule. Waraka huo ukitoka leo, kesho asubuhi nafungua kabati, na kaunta buku ninayo. Mfumo utatukuta tumeanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Maktaba, Hisabati na Usafi,
Gulwe.